Kutoka Mil Hadi Dos Mil

Juni 2

Karani wetu wa ghala amenipa daftari hili kwa sababu kiwandani walichapa mistari yake upande. "Babu Ratili," akaniambia, "chukua wewe, mmefanana." Mgongo wangu umepinda kwa kuinamia mizani miaka thelathini na minane, sikatai. Nikalichukua. Sikuwa na cha kuandika hadi saa kumi, mwanangu wa mwisho alipopiga simu kutoka bandarini, kwenye meli anayopikia.

Mkewe amejifungua wiki kumi kabla ya wakati. Mtoto wa kike. Yuko hospitali huko ukweni kwake, ng'ambo, ndani ya sanduku la kioo lenye joto, na mama yake amelazwa chumba kingine, kuongea bado shida.

"Ana uzito gani?" nikauliza. Mtu mwingine angeuliza amefanana na nani.

"Kilo moja na gramu mia mbili na kumi, Baba."

Mahindi yanayomwagika sakafuni kwetu kwa siku moja ni mengi kuliko hayo, na tunayafagia. Baada ya simu nilipima kilo moja na mia mbili na kumi kwenye mfuko wa plastiki, nikaupakata. Karani akapita, nikajifanya natafuta wadudu.

Juni 3

Mwanangu tena, kwa haraka, meli inang'oa nanga. Wiki kadhaa atakuwa baharini bila mtandao. Amepanga hivi: mama mkwe wake, yaani mkwe mwenzangu, atanipigia kila siku saa tisa alasiri, wakishampima mtoto. Dakika za simu ni ghali, atataja uzito na kukata. Daktari amesema akifika gramu elfu mbili, anapumua mwenyewe na kunyonya, anakwenda nyumbani.

"Na asipofika?"

"Baba, jifunze namba tu."

Kwani huyo mama anasema lugha gani? Kihispania. Kingine hajui, hata salamu.

Mama Watoto akanishauri simu aipokee karani, ana elimu. Nikamwambia uzito wa damu yangu siwezi kuusikilizia kwenye sikio la mtu mwingine. "Darasa la nne lilikushinda," akasema, "sasa unataka Kihispania." Darasa la nne halikunishinda. Tulishindana, tukaachana.

Juni 4

Simu imeita saa tisa kamili. Sauti kama ya polisi wa barabarani. Imesema jambo, imekata. Sikuambulia hata herufi.

Juni 5

Ng'ambo ya barabara yuko fundi pampu tunayemwita Grisi, kwa kuwa hajawahi kuonekana bila hiyo. Ujanani alikuwa akitia mafuta mitambo ya meli, na Kihispania alikiokota bandarini, nusu kwenye baa, nusu kwa polisi. Nikamwambia nataka maneno ya uzito.

"Kaka, mimi najua matusi na bia," akasema. "Na namba, kwa sababu bia zinahesabiwa."

"Matusi yaweke kando kwanza."

"Uzito nao ninao. Tulipakia mizigo, kaka, si mchezo. Tuanze na tani."

Tukaanza na tani. Tani ni tonelada. Kilo mia ni kintal. Kuna arroba, kilo kumi na moja na nusu, ni frasila yetu ya zamani iliyougua ikakonda. Onsa ni wakia. Libra ni ratili, yaani mimi mwenyewe, nikafurahi kujikuta huko mbali. Lundo lisilo na kipimo ni monton. Nikayarudia mpaka akafunga duka, naye akanisifu kwamba nina kichwa chepesi. Nilipofika kwenye kona ndipo nikashtuka. Nimejua kusema tani, na mjukuu wangu hafiki ratili tatu.

Juni 6

Nimemrudia Grisi, nimemwambia ashuke. Elfu ni mil. Mia ni siento. Halafu dosientos, tresientos, kuatrosientos, na ukifika mia tano inagoma kufuata wenzake, inajiita kinientos. Nikauliza sababu.

"Kaka, kwako hakuna mtoto wa namna hiyo?"

Yupo.

Juni 7

Mvua. Mwezi wa kuvuna na mvua inanyesha kama ina hasira na mtu.

Juni 8

Magunia ya mbolea tuliyoyageuza ya mahindi yameandikwa PESO NETO na TARA. Miaka kumi nayapiga teke nikidhani ni majina ya wenye kiwanda. Grisi anasema peso ni uzito, neto ni mzigo peke yake, na tara ni gunia tupu unalolitoa. Kumbe nimekuwa nikilala na mwalimu nyumba moja.

Juni 9

Leo nimemsikia. Mil siento noventa. Nikaandika kiganjani: 1,190.

Halafu nikatazama vizuri. Amepungua gramu ishirini.

Hapa niandike namna tunavyofanya kazi, maana ndiyo iliyoniponza. Ghalani kwetu uzito haukubaliki hadi utamkwe na midomo mitatu. Mimi mpimaji naita, karani anarudia akiandika, mwenye mzigo anarudia akiwa ameitazama rula ya mizani. Wakitofautiana, gunia linapanda tena. Sasa nilipoisikia ile namba, mdomo ukaita wenyewe, kwa sauti ya kazi: "Elfu moja mia moja tisini." Na karani, bila kuinua kichwa: "Elfu moja mia moja tisini." Na mwenye zamu, mama mmoja mkulima ambaye hajawahi kuleta gunia la nne, tunamwita Magunia Matatu, akatazama mizani, akatutazama sisi.

"Gunia langu lina kilo themanini na mbili," akasema. "Hiyo elfu mmeitoa wapi?"

Ikabidi nieleze. Sikutaka ghala lijue, sasa linajua. Karani akaniambia watoto wote hupungua siku za mwanzo, hata wa dada yake. Alinena taratibu, hakunitania. Huyu msichana nilikuwa nikimwona ni rangi za kucha tupu.

Juni 10

Mil siento noventa na sinko. Zimerudi tano. Nilimwomba mkwe mwenzangu arudie mara tatu, kama ilivyo haki. Ameniona kiziwi. Mara ya tatu amepiga kelele hadi njiwa wa darini wakaruka.

Juni 12

Jana sikulala vizuri kwa wazo moja: je, wanampima na nepi? Nepi ikilowa ni gramu mia nzima, nimepima ya kitukuu wa jirani. Saa tisa alipotaja namba nikawahi: "Tara? Peso neto?"

Nikadhani amekata. Kisha akajibu polepole, kama mtu anayeongea na mwenzake wa kazi: "Neto, senyor. Neto."

Mil dosientos trenta. 1,230, bila nepi. Nimemwambia Mama Watoto kwamba yule mama si polisi. Huenda ni mtu wa mizani.

Juni 15

1,275. Mama Watoto anashona kigauni. Amekifumua mara mbili, kila mara anapunguza.

Juni 17

Magunia Matatu ameleta mahindi yaliyonyeshewa. Nikatia bambo, lile bomba lenye ncha la kutoboa gunia, nikatoa punje, nikauma moja. Laini kama ufizi. Nikamrudishia yote.

"Mzee Ratili, mizani si imesema kilo tisini na nne?"

"Mizani imesema. Punje imekataa. Hapo unaniuzia mahindi themanini na maji kumi na nne."

"Mtu akinenepa wewe roho inakuuma tu," akasema, na foleni ikacheka. Nami nikacheka. Lakini hakuuza.

1,310.

Juni 20

Mil tresientos kuarenta na sinko, 1,345. Foleni sasa inajua saa tisa. Wanaacha kubishana nafasi, wanageukia simu. Nikiita namba, karani anairudia, na mwenye zamu aliyesimama jukwaani anairudia kwa niaba ya wenye mtoto. Karani ameifungulia ukurasa nyuma ya kitabu cha ghala, ameuandika juu: Mjukuu, Daraja la Kwanza. Bosi akiukuta tutajua la kusema.

Juni 24

1,430. Grisi amenifundisha salamu, buenos dias, na kwamba nisitumie lile neno nililokuwa nikilitumia kuaga. Siandiki maana yake.

Juni 27

1,490. Mvua siku ya nne mfululizo. Turubai limetoboka, tumehamisha magunia mia mbili.

Juni 29

Mil kinientos sinkuenta na sinko, 1,555. Sitini na tano kwa siku mbili.

Juni 30

Mil seisientos sinkuenta.

Nilimwambia arudie, akarudia, nikamwambia tena, akarudia. 1,650. Gramu tisini na tano kwa siku moja. Nikaiita hadi bosi akatoka ofisini. Karani akaiandika kwa wino mwekundu. Nikaagiza peremende pakiti mbili, foleni nzima ikatafuna. Nilicheza, nakiri, na kiuno kinanidai mpaka sasa. Nyumbani Mama Watoto akafumua kigauni mara ya tatu, safari hii akiongeza.

Mkwe mwenzangu peke yake hakufurahi. Sauti yake ilikuwa kavu. Nikasema labda ndivyo alivyo.

Julai 1

Hakupiga.

Julai 2

Hakupiga. Saa tisa foleni iligeukia simu, saa tisa na nusu nikawaambia tuendelee. Nimekosea magunia mawili. Kwa miaka thelathini na minane nimekosea labda kumi.

Julai 3

Amepiga saa tisa na robo. Mil kuatrosientos setenta. Akakata kabla sijaomba kurudiwa, na kabla hajakata nilisikia pua inavuta.

1,470. Mia na themanini zimeondoka kwa siku tatu. Yuko chini ya alipokuwa wiki iliyopita.

Sikuita. Karani aliinua kalamu, akanitazama, akaishusha. Nikapandisha gunia lililokuwa mbele yangu.

Alasiri yote nikawaza jambo moja: mtu hapungui hivyo. Nimeona mizani zikilewa. Unyevu ukiingia kwenye chuma, jiwe likibadilishwa, sakafu ikizama unene wa ukucha, mizani nzima inakuwa mwongo na hakuna anayejua. Mia na themanini si mtoto. Ni mizani.

Nikaenda kwa Grisi. Nikamkuta chini ya pampu.

"Mizani yao mbovu nitasemaje?"

"Balansa mala. Kaka, lakini hospitali..."

"Hospitali wana madaktari. Wapimaji hawana. Sukari?"

"Asukar."

"Nataka kusema wapande kilo moja ya sukari kwenye mizani hiyo hiyo, waone inasema ngapi."

Akatoka chini ya pampu, akajifuta mikono, jambo asilofanyaga. Akaniandikia kwa mkaa juu ya boksi. Nimelibeba boksi nyumbani. Nimelikariri mbele ya Mama Watoto mpaka naye amelijua.

Julai 4

Saa tisa. Kabla hajataja chochote nikasema yangu: balansa mala, un kilo de asukar, sobre la balansa, por favor. Akaniuliza kitu. Nikarudia. Akapandisha sauti, nikapandisha. Akasema maneno mengi, mengine yanafanana na yale ya Grisi ya bandarini. Nikarudia mara ya tatu. Akakata.

Karani akasema, "Babu, yule mama ana mtoto mgonjwa na mjukuu mgonjwa."

"Na mizani mgonjwa," nikamjibu. Alinigeuzia mgongo hadi tunafunga.

Julai 5

Amepiga saa tisa kamili. Nadhani alikuwa amesimama mbele ya mizani yenyewe, kulikuwa na mlio wa mitambo nyuma yake. Akasema polepole, mara tatu, bila kuombwa:

"Asukar: mil. Asukar: mil. Asukar: mil."

Kisha akasema, "Balansa buena, senyor." Kisha akataja ya mtoto. Mil kuatrosientos setenta.

Basi. Mizani ni nzima. Aliyepungua ni mtoto.

Sijui huyo mama aliwaambiaje manesi. Kuingia na sukari wodi ya watoto kwa ajili ya mzee asiyemjua, ambaye kila siku anamfokea namba. Mimi kwa mkulima aliyetilia shaka mizani yangu sijawahi kupandisha hata jiwe la kilo ishirini ili kumridhisha. Nimewaambia waende wakapime kwingine.

Julai 6

Mwanangu amepata mtandao. Akanieleza, nami nikaandika ili nisijidanganye baadaye.

Mtoto alikuwa amejaa maji. Mapafu, tumbo, miguu. Ile tarehe thelathini alikuwa amevimba na anapumulia mashine, na mkwe mwenzangu alijua, ila hakuwa na maneno ya kuniambia, alikuwa na namba tu. Usiku ule wakaanza kumpa dawa ya kukojoa. "Hiyo mia na themanini ni mkojo, Baba. Sasa anapumua vizuri zaidi. Daktari anasema ule wa sasa ndio uzito wake wa kweli."

Nikamsimulia karani pale kwenye mizani. Nilisahau nani yuko jukwaani. Magunia Matatu, na mahindi yaleyale, ameyaanika siku kumi na nane.

"Kumbe ulisherehekea maji," akasema.

Nikachukua bambo.

"Mzee Ratili. Mimi ulinirudisha nayo. Wewe ukayachezea ngoma na kugawa peremende." Hakusema kwa ubaya. Alitazama rula, akangoja.

Nimekula mkate wa kazi hii tangu kabla huyo mama hajaolewa. Punje ikilowa naijua kwa jino, kwa harufu, kwa mlio wake ikianguka. Namba iliruka baada ya wiki ya mvua, na mimi, mimi, sikutia bambo. Niliitaka ile namba. Mtu akiitaka namba hatazami punje.

Nikauma mahindi yake. Yakalia kama kokoto. "Kilo themanini na mbili," nikaita.

"Themanini na mbili," karani.

"Themanini na mbili," akasema, akashuka. Kisha akageuka: "Na mjukuu?"

Nikaiita. "Elfu moja mia nne sabini." Nikaongeza, ingawa si desturi: "Kavu."

Wakairudia wote wawili.

Julai 8

1,475. Gramu tano. Nzito kuliko tisini na tano.

Nimemwomba Grisi neno la kuomba radhi. Hakuwa nalo, hajawahi kulihitaji. Ameahidi kumuuliza baharia mwenzake.

Julai 10

Perdon. Nimelisema kabla ya namba. Mkwe mwenzangu akavuta pumzi, akasema kitu kifupi, halafu mil kinientos dies. 1,510.

Julai 13

1,580. Nikauliza kama ni maji: "Agua?" Akanielewa papo hapo. "No, senyor. Leche." Grisi anasema ni maziwa. Anameza.

Julai 14

Jua. Tumetandaza turubai uwanjani tangu asubuhi. Wakulima wote wa wiki ya mvua nimewaambia walete tena, nitauma punje mbele yao na wao waume. Bosi analalamika foleni imekuwa ndefu. Nikamwambia aje aume na yeye.

Julai 17

1,690. Imepita ile ya peremende. Hakuna aliyecheza. Karani alitumia wino wa kawaida.

Julai 20

Mkamwana ameongea kwenye simu. Mara ya kwanza. Sauti nyembamba, akaita jina langu la heshima, Baba, kwa Kiswahili alichofundishwa na mwanangu. Nilikuwa nimejiandaa kwa namba, nikajibu "mil." Akacheka mpaka akakohoa. 1,770.

Julai 22

1,820.

Julai 24

Mil ochosientos sesenta, 1,860. Grisi amekuja mwenyewe saa tisa, amesimama foleni bila gunia.

Julai 26

1,905. Namba ya mia tisa nayo ina kiburi chake, novesientos, nimeikariri tangu Juni nikiiogopa. Nimeisikia mara moja tu, nikaiandika.

Julai 28

1,960. Mama Watoto amemaliza kigauni. Ameapa hafumui tena, kisipomwenea mtoto watakutana katikati.

Julai 29

1,985. Sikula mchana.

Julai 30

Dos mil dies.

Elfu mbili na kumi. Niliita, sauti ikakatika katikati, karani akaimalizia, na mwenye zamu, mzee mmoja aliyekuja leo kwa mara ya kwanza na hajui lolote, akatazama rula akakataa katakata kurudia. "Gunia langu halina hiyo," akasema. Foleni nzima ikairudia kwa niaba yake.

Nikamuuliza mkwe mwenzangu: "Agua?"

"Leche," akasema. "Leche, leche, leche."

Agosti 2

Ghala linafunga msimu. Lori la mwisho limeondoka saa nane, tumebaki karani na mimi tukifagia. Saa tisa simu ikaita, nikaacha fagio, nikachukua kalamu.

"Peso?" nikauliza.

Akasema "kasa," nyumba, hilo nalijua. Wamemtoa. Akasema tena, polepole, kama alivyosema siku ile ya sukari: "No ay balansa." Nyumbani kwao hawana mizani.

Nikabaki na kalamu. Karani naye amefungua ukurasa wake wa nyuma, ananiuliza kwa macho aandike ngapi, nami sina. Mkwe mwenzangu hakuwa na namba ya kunipa, na mimi sikuwa na namba ya kumwomba airudie, na miezi miwili hatujawahi kuwa na kitu kingine cha kusemezana. Nikasubiri akate.

Hakukata. Nikasikia hatua zake sakafuni, mlango, kisha simu ikawekwa karibu na kitu, na mtoto akalia. Si kilio cha mgonjwa. Ni cha mtu aliyecheleweshewa chakula na anataka kujua nani msimamizi.

Nikampa karani asikie. Akasikiliza, akanirudishia, akafunga kitabu.